Kuosha nyumba kwa nje: nini kinatokea ukutani fundi akiwasha karcher

Mwezi wa nane ukifika Lubumbashi, ukuta mweupe unakuwa na rangi mbili. Juu, karibu na paa, bado ni mweupe. Kuanzia dirishani kushuka hadi msingi ni mwekundu, kama mtu aliyepitisha brashi ya udongo. Mvua iliisha Aprili au Mei. Malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hayajapumzika, barabara nyingi za mitaa hazina lami, na upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki unalibeba vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo. Hapo ndipo vijana wenye mashine kwenye mkokoteni wanaanza kupita mlango kwa mlango: "Mama, tukuoshee nyumba? Itakuwa mupya."

Na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Jirani mmoja atakuambia karcher, ile mashine ya maji yenye presha, inabomoa nyumba. Mwingine atakuambia yeye alioshewa na akaokoa pesa ya kupaka rangi. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii ukuta mmoja wala uchafu mmoja. Naandika haya kwa sababu mwaka jana ukuta wa mama mkubwa wangu uliharibiwa kwa saa mbili na vijana wenye nia njema kabisa, na hakuna aliyekuwa na kosa la makusudi. Hawakujua, na mama mkubwa hakujua cha kuwauliza.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuosha nyumba kwa nje ni kuondoa uchafu kwenye kuta, paa, baraza na uzio bila kuondoa kitu kilicho chini ya uchafu huo. Sehemu hiyo ya pili ya sentensi ndiyo kazi yote. Kuondoa uchafu pamoja na ngozi ya ukuta, hata msasa unaweza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuosha kwa presha: pampu inasukuma maji kwenye tundu dogo hadi yanatoka kama fimbo. Hiyo ndiyo tunayoiita karcher. Jina hilo ni la kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1935 na Alfred Kärcher, ambayo mwaka 1950 ilitengeneza mashine ya kwanza ya Ulaya ya kuosha kwa maji moto yenye presha kubwa. Kwa Kifaransa jina la kampuni likageuka kuwa jina la kazi, na sisi tukalipokea hivyo hivyo. Mashine nyingi zinazopita mitaani kwetu wala si za kampuni hiyo.

Njia ya pili ni kuosha kwa dawa. Fundi anamwagia ukuta maji yenye sabuni na javel kidogo (ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kwa presha ndogo, isiyozidi sana ile ya mpira wa bustani. Anaiacha dawa ifanye kazi dakika 5 hadi 15, kisha anasuuza. Watu wengi hawaijui njia hii, au wanaidharau wakiiona. Haina kishindo, na mtu aliyelipa anataka kuona maji yakiruka.

Fikiria shati jeupe la mtoto wa shule. Kola imeota mstari mweusi. Dada mmoja anachukua brashi ngumu na kusugua pakavu kwa nguvu zote. Mstari unapungua, lakini baada ya miezi mitatu kola imetoa nyuzi. Mwingine anapaka sabuni, analoweka, anaenda kupika, akirudi anafikicha kidogo tu na uchafu unaondoka. Presha ni ile brashi ngumu, dawa ni kuloweka. Kuna nguo zinazostahimili brashi, jinzi ya gereji kwa mfano. Huwezi kuitumia kwa hariri.

Sasa ukubwa wa hiyo nguvu. Tairi la gari dogo lina presha ya bari 2 na kitu. Mashine ndogo ya nyumbani inatoa bari 100 hadi 130, na zile za mafundi zinafika 150 hadi 200. Mwisho wa mkuki wa maji kuna kichwa kinachoamua maji yatoke kama sindano au kama feni, na kwa kawaida vina rangi: chekundu kinatawanya maji kwa pembe ya nyuzi 0, sindano kamili, cha njano 15, cha kijani 25, cheupe 40, feni pana. Tofauti kati ya chekundu na cheupe kwa mashine ileile ni tofauti ya kisu na kiganja. Ukimwona fundi anaweka kichwa chekundu na kukielekeza kwenye ukuta wa nyumba, msimamishe kabla hajawasha. Kwa ukuta, kichwa cha nyuzi 0 hakina kazi.

Narudi kwa mama mkubwa. Nyumba yake ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma, bila plasta. Matofali ya namna hiyo kwetu Katanga yametengenezwa sana kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu vikubwa unavyoviona ukitoka tu mjini. Tofali likipikwa kwenye tanuru, moto unalishika zaidi kwa nje. Linapata ngozi ngumu, nyembamba, na ndani linabaki laini kidogo, kama maandazi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia mvua. Vijana walisogeza mkuki hadi sentimita 10 hivi kutoka ukutani, kwa sababu walipokuwa mbali vumbi halikutoka upesi. Nilipofika jioni nilipitisha kidole. Kwenye matofali ambayo hawakuyagusa, kidole kilitoka chekundu lakini tofali lilikuwa laini kama sahani. Kwenye yaliyooshwa kidole kilikwaruzwa, kama kwenye sukari. Ukitazama kwa pembeni, jua likizama, uliona mistari ya nusu duara kila mahali mkono wa kijana ulipokwenda na kurudi. Na kati ya matofali, chokaa ya zamani ilikuwa imetoka kwa kina cha kidole kimoja.

Ukuta ulikuwa safi sana siku hiyo. Mvua za Novemba zilipoanza, chumba cha nyuma kikaanza kutoa unyevu ndani.

Ndiyo maana swali la kwanza si mashine gani. Swali la kwanza ni uchafu gani, na uko juu ya nini.

Uchafu wa nje wa nyumba za Lubumbashi si mmoja. Kuna vumbi jekundu. Wekundu wake unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, ndugu wa kutu. Kuna uchafu ulio hai: ukungu mweusi, na ule ukijani unaoota msimu wa mvua mahali pasipokauka. Kuna kutu halisi inayoteremka kutoka kwenye nondo za antivoli, vile vyuma vya madirishani vya kuzuia wezi. Kuna unga mweupe wa chumvi unaochomoza kwenye matofali karibu na msingi. Na kuna masizi ya makala, yaani mkaa, juu ya ukuta ulio karibu na mbabula ya kupikia. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja haimgusi mwenzake.

Kipimo rahisi unaweza kukifanya mwenyewe leo. Chukua pamba, ichovye kwenye javel kidogo, igusishe kwenye doa na usubiri dakika moja au mbili. Doa jeusi likififia hadi kuwa jeupe, hicho ni kiumbe hai, na kuosha kwa dawa kutakifaa. Doa likibaki kama lilivyo, ni vumbi, masizi au kutu, na hata ukimwaga bidoni nzima ya javel utapoteza pesa. Vumbi jekundu halifanywi jeupe na javel. Linataka sabuni, brashi laini na maji mengi ya kusuuza. Kutu inataka dawa yenye asidi ya oksaliki, kidogo, mahali penye doa tu. Ule unga wa chumvi unatolewa kwa brashi kavu kwanza, kwa sababu umeletwa na maji yanayopanda kutoka ardhini. Ukiuosha kwa maji mengi unayeyuka, unaingia tena ndani, na ukuta ukikauka unachomoza upya.

Kuna kipimo kingine, cha rangi. Pitisha kiganja kwenye ukuta uliopakwa rangi miaka mingi iliyopita. Kiganja kikitoka na unga wa rangi ileile ya ukuta, rangi yenyewe imechakaa na inatoka yenyewe. Hakuna fundi atakayeirudishia mng'ao kwa kuiosha. Atakachofanya ni kuitoa isawasawa au, mara nyingi zaidi, kuitoa mabaka mabaka. Ukuta kama huo huoshwa kwa sababu moja tu: unataka kuupaka upya. Na hapo kuosha ni lazima, kwa sababu rangi mpya juu ya vumbi haishiki. Hubanduka kama ganda la yai.

Kuhusu vitu vilivyo chini ya uchafu, nitasema kwa kifupi. Zege na pavé za lupango (mawe ya kutandikia ua wa nyumba) zinastahimili presha. Hapo ndipo karcher inapostahili sifa zake zote. Plasta nzima ya saruji yenye rangi nzuri inakubali kichwa cheupe kwa umbali wa nusu mita hivi, baada ya sabuni. Matofali ya kuchoma ya zamani: dawa na presha ndogo tu. Matofali mabichi, kama yalivyo katika nyumba nyingi za pembezoni, hayaoshwi kabisa. Yanapanguswa vumbi kwa ufagio laini, na pesa inayobaki inunue plasta. Mbao zinaota manyoya zikipigwa presha. Mabati yanasuuzwa kutoka juu kushuka, kamwe si kutoka chini kwenda juu, kwa sababu maji yataingia chini ya mapishano ya bati na kuangukia dari. Javel nayo inakula zinki inayoyalinda mabati, kwa hiyo ikimwagikia bati isuuzwe hapo hapo.

Paa la Eternit nalitenga makusudi. Nyumba za zamani zenye mabamba ya kijivu ya saruji yenye mawimbi zina uwezekano mkubwa wa kuwa na asbesto, nyuzi ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Bamba zima likikaa juu bila kuguswa, nyuzi zinabaki zimefungwa ndani ya saruji. Likipigwa karcher, saruji ya juu inatoka pamoja na nyuzi, zinasambaa kwenye maji, zinakauka lupangoni, na wiki inayofuata mtoto anazivuta. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, na ugonjwa unaweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza. Fundi akikuambia atakuoshea Eternit yako iwe kama mpya, mwambie hapana, hata akikufanyia bure.

Watu pia wanasema karcher inamaliza maji. Kwa mji ambapo wengi wetu tunategemea kisima au mabomba ya REGIDESO (shirika la maji la taifa) yanayokuja kwa zamu, hofu hiyo naielewa, lakini hesabu inasema kinyume. Mashine ndogo inatumia lita 6 hadi 8 kwa dakika. Mpira wa kawaida ulio wazi unaweza kumwaga lita 15 au zaidi. Saa nzima ya mashine bila kuachia kifyatuo ni lita 360 hadi 480, yaani bidoni 18 hadi 24 za lita 20. Si kidogo, na ni lazima mkubaliane mapema nani anayaleta. Lakini kwa kazi ileile mpira ungekula zaidi. Kinachoua mashine ni kukosa maji katikati ya kazi: pampu ikizunguka kavu inaungua. Fundi makini hujaza pipa kwanza, huweka chujio kwenye mpira wa kuvuta, ndipo anawasha.

Na wanaosoma maelezo ya mtandaoni wameshika kwamba ukuta wa kuchunguza kwa ukijani ni wa kaskazini. Ni kweli Ulaya na Marekani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linatupiga kutoka kaskazini. Ukuta wetu unaochelewa kukauka mvua zinapoisha ni wa kusini. Zunguka nyumba yako mwezi wa nne, nenda upande wa kusini, nyuma ya tangi la maji au chini ya muembe, utaukuta ukijani uko hapo.

Sasa siku yenyewe ya kazi, tuseme umempata fundi. Fundi wa kweli hakutajii bei mlangoni. Anaomba kuzunguka nyumba. Anagusa ukuta, anauliza ulipakwa rangi lini, anauliza kama kuna mahali panapovuja, anatafuta nyufa. Kisha anafanya jaribio mahali pasipoonekana, nyuma ya choo cha nje kwa mfano, eneo la mita moja tu, na anasubiri pakauke ili nyote wawili mpaone. Ukuta uliolowa unadanganya. Kila kitu kilicholowa kinaonekana kipya. Asiyekubali kufanya jaribio, mwache aendelee na safari yake.

Siku hiyo wewe unaondoa nguo kambani, unafunga madirisha yote, unafungia kuku na mbwa, unawapeleka watoto kwa jirani. Fundi anafunika soketi na taa za nje kwa plastiki, na umeme wa nje unazimwa kwenye disjonkta, ile swichi kuu. Mimea iliyo chini ya ukuta, iwe maua au lengalenga (mchicha), inamwagiwa maji mengi safi kabla na baada, kwa sababu mmea ulioshiba maji haunywi javel. Dawa inapakwa kutoka chini kwenda juu, na kusuuza ni kutoka juu kwenda chini. Wengi huona hilo ni kinyume. Sababu ni kwamba dawa ikipakwa juu kwanza inateremka kwa mistari kwenye ukuta mkavu, na mistari hiyo hubaki ikionekana hata baada ya kusuuza. Kazi ifanywe asubuhi au jioni. Jua la saa sita linakausha dawa kabla haijafanya kazi. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa inaweza kumalizika kwa nusu siku hadi siku nzima.

Javel ya kuta si lazima iwe kali. Kwa ukungu wa ukutani, asilimia 1 inatosha. Kama chupa imeandikwa asilimia 4, lita moja kwa lita tatu za maji. Ila javel iliyokaa juani dukani miezi mingi imepoteza nguvu, hata kama karatasi yake haijabadilika.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usikubali mtu achanganye javel na asidi ya aina yoyote, iwe ile ya kusafishia vyoo, ya betri, au ile inayopatikana kirahisi katika mji huu wa migodi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha Ubelgiji Aprili 1915. Kwenye kona ya baraza isiyo na upepo inaweza kumwangusha mtu. Na kama dawa ya kutu ilipita ukutani asubuhi, ukuta usuuzwe kabisa kabla javel haijaletwa. Hatari nyingine ni ya mashine yenyewe: maji ya presha yakiingia kidoleni yanaacha tundu dogo kama la sindano, damu kidogo tu, na kijana atasema si kitu. Ndani yamechana nyama na kubeba uchafu hadi kiganjani. Aende hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kwamba ni maji ya mashine. Kesho yake mkono unaweza kuwa umeshaharibika.

Jambo ambalo sijamsikia fundi yeyote akilisema ni maji machafu yanakwenda wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliopima mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana, na watoto kuliko watu wazima. Vumbi la ukutani kwetu, kwa wanaoishi karibu na viwanda, si udongo mtupu. Kwa hiyo kulisugua likiwa kavu, ukilivuta puani, ni kosa, lilowanishwe kwanza. Na maji yaliyoliosha yaelekezwe mbali na kisima, mbali na bustani ya mboga, mbali na mahali watoto wanapochezea mchanga. Chimbo dogo pembeni ya lupango, lililochimbwa kabla ya kazi, linatosha.

Mapatano ya bei yafanyike kwa kazi nzima, si kwa saa, na yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: kuta zipi, nani analeta maji, nani analipa esansi (petroli) ya mashine, dawa gani itatumika, kioo kikivunjika nani anakilipa. Lipa sehemu mwanzoni na sehemu kesho yake ukuta ukiwa mkavu. Piga picha za nyufa zilizokuwepo kabla. Zinamlinda fundi kama zinavyokulinda wewe.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa bado chini, simama pembeni ya ukuta na utazame kwa kuulalia. Mistari, kama ipo, utaiona saa hiyo. Kama unataka kupaka rangi, subiri siku tatu za jua au zaidi. Kuta nene za zamani zinashika maji ndani hata nje pakionekana pakavu.

Mama mkubwa alitafuta mwashi ajaze chokaa iliyotoka kati ya matofali, mstari kwa mstari, kazi ya wiki nzima. Ngozi ya matofali haikurudi, na kila msimu wa mvua chumba cha nyuma anakitazama kwanza. Mwezi wa tano mwaka huu alinunua brashi laini yenye mpini mrefu na sabuni ya unga, akawaita wajukuu wawili, wakaosha upande wa barabarani kwa ndoo, polepole, siku mbili. Nilipitisha kidole tena. Kilikuwa safi, na matofali ya upande ule bado ni laini kama sahani.